Mgomba wa Hesbon

Kozi aliyoisoma Nabwile ilikuwa na jina refu la kumchosha mtu kulitaja: shahada ya uzamili katika usimamizi na utatuzi wa migogoro. Nyumbani kwao Mabanga watu walilifupisha, wakasema tu, "Nabwile anasomea amani." Walisema kwa fahari, kana kwamba mtu akifuzu hurudi na amani nyumbani kama mwalimu anavyorudi na chaki. Mwanzoni yeye mwenyewe aliamini hivyo. Kufikia Jumamosi ile ya mazishi alikuwa haamini tena, na laiti angeliacha mapema akaenda kuuza mitumba, huenda angekuwa analala usingizi.

Mazishi yenyewe hayakuwa na maiti. Hesbon, kifungua mimba wa jirani yao Mama Wilkista, alikuwa mnunuzi wa viazi. Wakati wa vita vya kugombea mashamba mlimani, wenzake walipoacha kwenda kununua huko, yeye alikwenda, akicheka kwamba viazi havina kabila. Hakurudi. Mama yake alizunguka mochari za Bungoma na Kitale mpaka wahudumu wakamjua kwa jina. Miaka ikapita. Mwishowe Jotham, mdogo wake Hesbon, akakata shauri ifanywe kama wanavyofanya watu wao mtu akipotea moja kwa moja: uzikwe mgomba badala ya mwili, ili aliyepotea atulie na walio hai wapumue. Mama Wilkista alikuwa amekataa kila alipoambiwa. Safari hii alikubali, shingo upande.

Nabwile naye alikuja mazishini na mzigo wake moyoni. Wiki chache kabla, mtaani Kibomet, Kitale, alikuwa amemhoji mpasua kuni mmoja aitwaye Bethwel kwa ajili ya tasnifu yake. Bethwel aliwahi kupigana mlimani akiwa kijana. Kabla hajaanza kusema, Nabwile alimwahidi kwamba hakuna neno litakalotoka kwa namna ya kumfichua. Ahadi hiyo walifundishwa chuoni kama watoto wanavyofundishwa sala. Basi mtu yule akafunguka, na katikati ya maneno yake akamtaja mnunuzi wa viazi kutoka Mabanga, mwenye pengo mdomoni na sweta ya kijani. Nabwile akamjua papo hapo.

"Tulimtupa Suam," Bethwel alisema, akitazama chini. "Mto ilikuwa imejaa. Mimi ndio nilishika miguu. Hata mfupa hamwezi pata, madam. Na hii maneno ikitoka nje, mimi na watoto wangu tumeisha."

Nabwile alimpelekea msimamizi wake wa chuoni, Dakta Muigai, jambo hilo bila kutaja majina. Dakta akamwambia ahadi ni ahadi. Akiivunja, hakuna mtu wa mlima ule atakayemfungulia mtafiti mdomo tena. Alisema kweli, na hilo ndilo lililomkera Nabwile zaidi. Ni rahisi kusema kweli ukiwa umeketi ofisini na kikombe chako cha chai.

Siku ya mazishi wanaume walichimba kaburi nyuma ya nyumba, wakakata mgomba, wakauvisha shuka jeupe. Mchungaji alikataa kuja, akisema kanisa haliziki migomba. Watu walikuwa wameketi wakingoja Jotham aanze, pale Mama Wilkista alipomwita Nabwile jikoni na kuufunga mlango.

"Mwanangu, si wewe ndio unasomea hii mambo? Si umeongea na wale watu?"

"Nimeongea na wengi, mama."

"Kuna mwenye alimuona Hesbon?"

Kusema hapana mbele ya uso ule kulimshinda Nabwile. Na angesema ndiyo, angekuwa amemuuza Bethwel, kwa kuwa Jotham alishaanza kuulizia ni nyumba za nani Nabwile anazozizuru huko Kibomet, na Jotham si mtu wa kuuliza bure. Kwa hiyo alinyamaza. Mzazi hahitaji zaidi ya hapo.

"Basi alikufa," Mama Wilkista akasema. Hakulia. Alisukuma ukuni ndani ya moto, akakaa akiutazama. "Sitakuuliza ni nani. Mungu anamjua. Hata ni wapi sitakuuliza, naona umefungwa mdomo. Niambie tu kitu moja. Mahali amelala ni kavu?"

Nabwile alikuwa amejiandaa kwa matusi, amejiandaa hata kupigiwa magoti. Kwa swali hili hakuwa amejiandaa. Aliyaona maji ya Suam, mekundu kwa udongo. Akajiambia kwamba hapa hakuna ahadi inayovunjwa wala mtu anayeumizwa.

"Ni pakavu, mama."

"Kavu kabisa?"

"Kabisa."

Mama Wilkista akashusha pumzi, akasimama, akakaza leso yake kiunoni, akatoka nje. Nabwile alibaki peke yake na moshi. Alijisikia mwepesi, kwani tangu aanze masomo yale, leo ndipo alipoona amemtuliza mtu. Kisha akasikia sauti ya mama uani.

"Ondoeni hiyo kitu! Hatuziki mgomba!"

"Mama, hii maneno si tulimaliza?" Jotham alisema. "Watu wamefika, bana. Ati sasa nini tena?"

"Mgomba ni ya mtu mwenye hawezi patikana. Mtoto wangu amelala mahali kavu. Mahali kavu mfupa inakaa. Nitamngoja mpaka aletwe."

Watu wakatazamana. Jotham akageuka taratibu, akamkazia macho Nabwile aliyekuwa amesimama mlangoni mwa jikoni. Nabwile akafungua mdomo. Angetaja mto tu, mgomba ungezikwa na mama huyu angepumzika. Na kesho yake Jotham angekuwa Kibomet, kwenye mlango wa mtu mwenye watoto. Kabla hajatamka lolote, Mama Wilkista alikuwa amemfikia, amemshika mikono yote miwili. Alikuwa anatabasamu. Nabwile alikuwa amesahau kwamba uso ule unaweza kutabasamu, na akajichukia.

"Soma, mwanangu. Soma umalize. Wale watu wanakuamini. Ukimaliza utanipeleka kwake, si ndio?"

"Ndio, mama," Nabwile alisema.

Wingu lilikuwa limeanza kutanda kutoka upande wa mlima. Mama Wilkista akawaagiza wanaume waache kaburi wazi lilivyo, ila watafute mabati walifunike vizuri, mvua isiingie, Hesbon akija akute pakavu.