Mguu Juu ya Breki

Siku ya Alhamisi, saa tatu asubuhi, Mama Breki aliingiza jeki chini ya tela la kulala, akaliinua upande wa kushoto mpaka gurudumu likaachana na sakafu, akajaribu kulizungusha kwa mkono. Likagoma. Akahamia upande wa pili, nako vilevile. Magurudumu yote manne yalikuwa yamebanwa na breki, na tela lenyewe halikuwa limefungwa kwenye gari lolote.

Lilikuwa chumba kidogo cha bati chenye vitanda viwili, meza ya kukunja, sinki na dirisha moja, tela la kuvutwa na pikapu. Karakana ilikuwa nayo kumi na moja, ikiwakodishia wapima ramani na watu wa namna hiyo, ambao kazi zao ziko mbali na nyumba za wageni. Tela ni zito, kwa hiyo lina breki zake. Dereva akikanyaga pedali ndani ya pikapu, umeme hupita kwenye waya wa buluu mpaka kwenye sumaku zilizomo ndani ya ngoma za magurudumu, na breki hubana. Waya ukiachia, tela linabaki kumsukuma tu aliye mbele yake. Mama Breki aliyajua hayo kuliko mtu yeyote pale, kwanza kwa sababu ndiyo kazi iliyompa jina, na pili kwa sababu tela hilihili, miezi tisa iliyopita, lilimsukuma mumewe kwenye mteremko mpaka korongoni.

Alichomoa plagi. Akatoa na betri, akaiweka juu ya benchi. Kisha akagusisha mita kwenye waya wa buluu, nayo ikasoma volti kumi na mbili kamili. Ndani ya ngoma sumaku zilikuwa zikivuma taratibu kama friji ya jirani.

"Umeme wa nani tena huu?" alisema, akafungua mlango.

Mumewe alikuwa ameketi nyuma ya meza ya kukunja, amevaa shati lake la kazi, mikono miwili imeng'ang'ania ukingo wa meza. Mguu wake wa kulia ulikuwa umenyooka, unakandamiza sakafu mahali pasipo na pedali. Jasho lilikuwa linamtiririka.

"Umechelewa," alisema.

"Nilikuwa kliniki na mama yako."

"Macho yake vipi?"

"Anaona kidogo. Achia breki basi, nifanye kazi."

"Nikiachia linashuka."

Mama Breki alikuwa amemkosa mtu huyu kiasi kwamba kwa miezi tisa alikuwa akipika kwa sufuria ileile kubwa na kula kiporo siku ya pili. Alitaka kumshika bega, lakini aliona jinsi bega lilivyokaza, akaogopa asije akamtoa kwenye breki. Akachukua kitambaa akamfuta jasho, akatoka nje kumwita meneja.

Pale karakana palikuwa na utaratibu wao. Fundi akichomoa waya wa breki, hufunga kitambaa chekundu kwenye plagi, na tela lenye kitambaa halitoki getini hata aje nani. Siku ya ajali Mama Breki alikuwa ameuchomoa waya kwa sababu gurudumu la mbele kushoto lilikuwa linabana kwa kishindo, akafunga kitambaa, akaomba ruhusa ampeleke mama mkwe kliniki. Angemalizia kesho yake. Meneja akaja na mteja, akaona kitambaa kinaharibu sura, akakifungua. Dereva, yaani mumewe, akafika, akatazama plagi, hakuona kitambaa, akaondoka na tela.

Meneja hakuwahi kukana. Hata mbele ya wachunguzi alisema, "Kitambaa nilikitoa mimi, mteja alikuwa anasubiri," wakaandika kwamba maelezo yamepokelewa. Kisha wakatoa ripoti yao: dereva alisinzia, hakukanyaga breki. Basi. Mtu kafa, na usingizi kasingiziwa. Mama yake marehemu aliikunja ripoti ile akailaza chini ya mto, na tangu hapo hakuwa na ombi lingine duniani isipokuwa neno "alisinzia" lifutwe. Mtaani walishaanza kumwita mama wa yule aliyelala.

Meneja alichungulia ndani ya tela. "Habari za siku nyingi," alisema.

"Nzuri, bosi. Samahani, siwezi kusimama."

"Usijali." Meneja akamvuta Mama Breki pembeni. "Mwambie aachie. Wapima ramani wanalitaka Jumatatu."

"Akiachia, nani atasadiki kwamba alikanyaga?"

Meneja alikuna kidevu, akasema atamwita mkaguzi, maana yeye alikuwa mtu wa kufuata taratibu anapokumbuka.

Mama mkwe alikuja mchana uleule na kigoda chake. Alimpapasa mwanawe uso, akamwambia amekonda, akaketi mbele yake. Kisha akainama akaupapasa mguu kuanzia goti hadi kwenye kiatu, polepole, kama anayetafuta sindano sakafuni. Alipoinuka alikuwa analia na kucheka kwa wakati mmoja.

"Mkwe wangu, amekanyaga," alisema. "Si umeona? Amekanyaga mpaka mwisho."

"Nimeona, mama."

"Basi asiuondoe mguu huo mpaka waandike."

Mkaguzi alifika Ijumaa na fomu zake. Alipima waya, akasoma volti kumi na mbili. Akapanda ndani, akachutama chini ya meza, akautazama mguu kwa tochi, akaandika.

"Umeandika nini, baba?" mama mkwe aliuliza.

"Breki zinashika. Chanzo, mguu wa marehemu."

"Kwa hiyo hakusinzia."

"Mama yangu, mimi nakagua tela. Ripoti ya ajali ilishafungwa, na ile ni dawati lingine." Alisema kwa upole, hakuwa mtu mbaya. "Hata hivyo, kwenye fomu ya ajali wanauliza kama alikanyaga siku ile. Hakuna mahali pa kujaza kwamba anakanyaga mpaka leo."

Akaahidi kurudi Jumatatu kuliruhusu tela, kama breki zitakuwa zimerekebishwa.

Ijumaa ikapita, Jumamosi ikapita. Mama mkwe hakubanduka. Alimsimulia mwanawe habari za mtaani, nani kaoa, nani kahama, na marehemu aliitikia "ee, mama" bila kugeuza macho kutoka kwenye dirisha, alikokuwa anauona mteremko. Mama Breki aliweka ndoo ya maji karibu na kila gurudumu, kwa kuwa sumaku hazikuumbwa kuvuta siku nzima. Kufikia Jumapili adhuhuri ngoma zilikuwa za moto hata huwezi kuzigusa, na harufu ya breki kuungua ilikuwa imejaa karakana nzima. Paja la marehemu lilikuwa linatetemeka mpaka meza inagonga ukuta.

"Mama," alisema, "ni mbali kiasi gani hadi chini?"

Mama mkwe alikuwa na tegemeo moja tu, nalo lilikuwa mguu ule. Alitoa kifuani ile ripoti aliyokuja nayo, akaitazama kwa macho yake ambayo yasingeweza kuisoma, akairudisha.

"Tumeshafika chini, mwanangu," alisema. "Achia."

"Pako tambarare?"

"Tambarare kabisa."

Marehemu alimgeukia mkewe. Katika mambo ya breki hakumwamini mtu mwingine. "Umezuia magurudumu?"

Hapakuwa na haja, sakafu ya karakana ni zege lililonyooka. Lakini Mama Breki alishuka, akapigilia kabari za mbao kwenye gurudumu moja baada ya jingine, yote manne, ili mumewe asikie. Akarudi mlangoni.

"Nimezuia," alisema.

Mumewe akainua mguu.

Sumaku zikanyamaza. Mita ikashuka hadi sifuri. Marehemu alipiga mwayo mmoja mrefu, akajilaza kwenye kitanda cha kushoto, viatu miguuni, na kabla mama yake hajamaliza kumfunika shuka alikuwa ameanza kukoroma. Alikuwa amechoka, jamani. Miezi tisa juu ya breki.

Mama Breki alifungua ngoma zilipopoa, akatoa viatu vya breki, vile vipande vinavyobana ngoma, vilivyokuwa vimeungua, akaweka vipya. Akaingiza bisibisi kwenye tundu la nyuma, akakaza kigurudumu chenye meno kinachosogeza viatu hivyo mpaka tairi likagoma, kisha akalegeza meno kumi, hadi likazunguka kwa kukwaruza kidogo tu, kama inavyotakiwa. Alifanya hivyo mara nne, kwa mkono mwepesi, asimwamshe. Machozi yalimdondoka juu ya bisibisi, akayafuta kwa kiganja, akaendelea na kazi.

Jumatatu asubuhi mkaguzi na meneja walifika pamoja. Mkaguzi alipima waya, akazungusha magurudumu, akaridhika. Mama Breki akasaini kwamba breki ni nzima. Kisha wote wawili wakachungulia dirishani.

"Si unaona mwenyewe," meneja alisema. "Amelala fofofo."

Mkaguzi alitazama kwa dakika nzima. Akafungua faili la ajali, aliloliazima kwenye lile dawati lingine, akatafuta ukurasa, na chini ya lile neno "alisinzia" akaongeza mstari mmoja: marehemu amekutwa amelala, ripoti ni sahihi. Akagonga muhuri.

Pikapu ilirudi nyuma kuja kulifunga tela, dereva mpya akipiga honi. Mama mkwe alitoa kichwa mlangoni, kidole mdomoni, akawaomba wapunguze kelele, mtoto ndiyo kwanza amepata usingizi.