Kizibao cha Mkaguzi wa Mizani

Mume wangu hanenepi. Tangu tuoane hajanenepa hata siku moja. Nguo ndizo zinazosinyaa, viti ndivyo vinavyotengenezwa vyembamba siku hizi, na mlango wa bafu letu, kwa maelezo yake, umevimba kwa unyevu. Usicheke. Huyu ni mkaguzi wa mizani, mtu wa serikali, anayeingia buchani na mkoba wake wa mawe ya mizani, na akiona mizani inapunja hata kidogo anaifunga kwa lakiri papo hapo, isitumike tena. Wauza nyama wanamtetemekea. Mganga hajigangi, walisema waliosema.

Kitu anachokiamini kuliko mizani zote ni kizibao chake. Nilimfumia mwenyewe wakati tunachumbiana, kwa uzi wa sufu wa kijivu. Hakina vifungo. Mbele na nyuma vinakutana mabegani tu. Ubavuni, huku na huku, kuna kamba za kufuma ambazo unazifunga kitanzi, ukakaza au ukalegeza upendavyo. Nilizitia makusudi, kwa sababu kijana wa siku zile alikuwa mwembamba kama ufito na nilitumaini mapishi yangu yatamfaa. Yalimfaa.

Mwanzoni nililegeza vitanzi. Mwaka baada ya mwaka nikalegeza, mpaka kamba zikabaki ncha tupu zisizoshika fundo. Siku hiyo akanigeukia.

"Umekifua kwa maji ya moto."

"Kwa maji baridi, Baba watoto, kama siku zote."

"Basi umekikamua."

Mimi! Mimi ninayekizamisha kwenye beseni kama mtoto mchanga, nikakikunja ndani ya taulo linywe maji, nikakitandaza juu ya meza ya chakula mpaka kikauke, na siku nzima watu humu ndani wanakula wamepakata sahani. Lakini neno la mkaguzi halina rufaa. Akamwita dada yake aje anifundishe kufua.

Wifi yangu alikuja tayari amekunja mikono ya gauni. Akakisokota kizibao kama dekio, kisha akakitundika nje kwa zile kamba zake, kinachuruzika. Maji ni mazito, yakafanya kazi yao. Kufika jioni kamba zilikuwa nyembamba na ndefu kama tambi, na kizibao chenyewe kimeteremka mpaka mapajani. Mume wangu akakivaa, akajizungusha mbele ya kioo kama bibi harusi.

"Umeona, wifi?" akasema dada mtu. "Nguo inataka mkono."

Nilikasirika mpaka nikalia. Kesho yake, bwana alipokwenda kazini, nikakilowesha na kukirudisha umbo lake, nikazifumua zile tambi, nikafuma kamba mpya za urefu wa zile za kwanza, nikaziunga kipande kidogo. Amani ikarudi nyumbani. Tumbo likaongezeka, nami nikaunga kingine. Likaongezeka tena, nikaunga tena, uzi uleule, rangi ileile, kiungo hakionekani. Funika kombe mwanaharamu apite. Kila mgeni aliyeingia kwetu alionyeshwa kizibao kabla hajapewa kiti.

"Hiki ni cha uchumba," atasema, paja la kuku mkononi, "na bado kinanifunga. Nyinyi vijana mnakula hovyo."

Kisha akaanza kuhema akipanda ngazi. Miguu ikawa inavimba, soksi zinamwacha na alama. Nilimsumbua wiki nzima mpaka akakubali twende zahanati, kwa sharti kwamba anachukua mkoba wake wa kazi.

Daktari, mwanamke mpole wa umri wa binti yetu, akampandisha kwenye mizani. Mume wangu akaitazama namba, akashuka, akafungua mkoba. Akaniamuru nipange mawe yake juu ya ile mizani, moja moja, mimi nikiinama na yeye akisimamia, wagonjwa wakichungulia mlangoni. Mizani ilikuwa sahihi. Akaigonga sakafu kwa kisigino.

"Sakafu yenu imeinama," akasema.

Daktari hakubishana naye juu ya sakafu. Alimwambia presha iko juu mno, moyo unachoka, mwili lazima upungue, na akampa tarehe ya kurudi. Mume wangu akacheka, akazivuta kamba za ubavuni.

"Binti yangu, kizibao hiki nilifumiwa nikiwa kijana. Nguo haidanganyi. Kama nimenenepa, kinafungaje?"

Daktari akanitazama mimi, nimsaidie. Mimi nikazitazama kamba. Hapo ndipo woga uliponishika, woga wa kweli, maana niliona nitamzika mume wangu kwa uzi wangu mwenyewe.

Nyumbani nilimwambia kwa upole kwamba amenenepa. Akasema daktari amenilisha maneno. Nilipunguza mafuta jikoni. Akaanza kula kwa dada yake. Tarehe ya kurudi ikapita kimya kimya.

Ikafika siku ya kupewa cheti cha utumishi mrefu ofisini kwao. Kizibao nilikuwa nimekifua, nimekikausha mezani, kisha nikafumua kiungo cha kila kipande nilichounga, mpaka kamba zikarudi urefu wa uchumba. Asubuhi akasimama chumbani, mikono juu kama mtu anayepekuliwa, akisubiri kufungwa.

"Funga."

"Hazifiki."

"Vuta."

"Nimevuta."

"Vuta, mwanamke! Maji ya moto tena?"

Nikatoa vile vipande mfukoni, nikavipanga juu ya kitanda kimoja baada ya kingine.

"Kizibao hakikusinyaa," nikamwambia. "Kila ulipotanuka, mimi niliunga."

Alivitazama muda mrefu. Mtu huyu hugundua jiwe bovu kwa kulitazama tu, na nikaona macho yake yanajumlisha.

"Umechezea kipimo," akasema. Kwenye kazi yake hakuna tusi kubwa kuliko hilo.

"Nimechezea. Nifungie lakiri."

Akavifagia kwa mkono vikaanguka sakafuni.

"Okota!"

"Okota wewe."

Katika ndoa yetu yote nilikuwa sijawahi kumjibu hivyo. Kwa hasira akainama. Tumbo likamzuia njiani. Akajaribu kwa ubavu, akishika ukingo wa kitanda, vidole vinaning'inia hewani, pumzi inakoroma. Mkono wangu ulitaka kwenda kumsaidia, nikaukalia. Aliponyanyuka hakuwa ameokota hata kimoja. Midomo ilikuwa imepauka, kiganja kimeshika ukuta, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, mume wangu alikuwa anaogopa.

"Mke wangu," akasema taratibu. "Yule daktari alisema nirudi lini?"

"Mwezi uliopita."