Neno la Vifua Vyote

Mkewe alikohoa, akatema kwenye leso, akaikunja upesi kama mtu anayeficha wizi. Vumbi jeupe la mawe lilikuwa limeshikana na damu.

"We Kamusi," akamwambia mumewe, "ukizidi kunitazama hivyo nitajiona maiti."

Jina hilo alipachikwa kwenye banda la kusaga mawe, walikofanya kazi wote wawili. Banda lilijaa watu wa kila lugha, na wenye kiwanda walipenda iwe hivyo: wasioelewana hawagomi. Kamusi hakuwasahau waliokufa. Mpiga nyundo, mama wa mapipa, wale pacha wa mashine ya pili. Wote waliuawa na vumbi, na daktari wa kiwanda akawaandikia "uchovu". Basi akajifunza peke yake, kwa vitabu vilivyochakaa, lugha iliyobuniwa iwe ya watu wote, akawafundisha wenzake saa za mapumziko. Alianza na *morbo*: ugonjwa. Kilatini kilizaa neno hilo, kikafa. Waitaliano na Wahispania wakalirithi, na wabuni wa lugha mpya wakaliokota kwao.

"Bibi yangu alilisema hivyohivyo!" akashangaa mpakiaji Mwitaliano.

Wakapanga. Daktari akiandika ugonjwa wa kazini, shemeji yao, mke wa Kamusi, ataondolewa bandani, atatibiwa. Akiandika uchovu, atarudishwa vumbini. Wataingia wote kwa daktari, walitamke neno hilo kwa pamoja. Nani atajifanya kiziwi?

"*Morbo!*" Vioo vya dirisha vikatetemeka.

Daktari akaweka kalamu chini, uso umemchanua. "Kumbe! Tangu chuoni sijalisikia. Kwa Kilatini, *morbus*. Nani kawafundisha?"

"Mimi," Kamusi akasema na, Mungu amsamehe, kwa nukta moja akavimba kichwa.

"Hongera, mzee." Akaandika, akaigeuza karatasi wote waone: uchovu.

"Lakini umeelewa!" Kamusi akafoka.

"Nilielewa kabla hamjaingia. Mkitoka fungeni mlango, vumbi linaingia."

Nje, Mwitaliano aliuliza sasa wamtafutie lugha gani.

Asubuhi mke wa Kamusi alijifunga kitambaa puani, tayari kwa kazi. Mlangoni akashika ukuta.

"Lugha yako hiyo… pumzi… wanaiitaje?"

Neno Kamusi alilijua. Akamsikiliza mkewe anavyoitafuta pumzi yenyewe.