Mwasumini wa Bi Kazija

Kitu cha kwanza alichokiona Mwanamize kilikuwa weupe. Weupe mdogo tu, kama unga uliomwagika, umezunguka ukingo wa debe ulimopandwa mwasumini wa mkwewe. Aliupangusa kwa pindo la kanga, akaenda zake kuwasha moto. Baada ya siku chache weupe ulirudi, na safari hii ncha za majani nazo zilikuwa za kahawia, zimekunjamana kana kwamba zimepitishwa motoni.

Bi Kazija, mama wa mumewe, alikuwa amevuka kwenda kisiwani Makoongwe kumwangalia binti yake aliyejifungua, na asingerudi mpaka arobaini. Siku ya kuondoka, buibui tayari kichwani, hakumwusia habari ya kuku wala ya mwanawe Shaame. Alisema, "Nyumba utaiweza. Ila huyu wangu nitazamie." Akaugusa mwasumini kama mtu anavyogusa kichwa cha mtoto. Debe lile lilikaa ukumbini chini ya dirisha, na kila alasiri Bi Kazija huchuma vitumba, akavitia kwenye kisahani cha maji, na magharibi ikiingia nyumba nzima inanukia.

Mwanamize alikuwa bado mgeni katika nyumba ile ya Mkoani. Hata jina la kumwita mkwewe lilikuwa halijamkaa mdomoni. Alingoja aangaliwe ndipo aseme. Sasa alijiona atakavyosimama mbele yake na kijiti kikavu, na Bi Kazija asimgombeze, amtazame tu na kuingia chumbani. Amepewa kitu kimoja, na hicho kimoja kimemfia.

Basi akazidi kuumwagilia. Alikuwa amemwona Bi Kazija akiupa maji aliyooshea samaki wabichi. "Mwasumini wangu unapenda shombo," alikuwa akisema. Mwanamize, asiyetaka kukosea, naye alifanya vivyo hivyo kila alipopika. Na kila alipopika ilikuwa ng'onda, samaki wa kupasuliwa na kukaushwa kwa chumvi, kwa sababu kila chombo kilichovuka kutoka Makoongwe kilikuja na fungu lao kutoka kwa Bi Kazija. Aliziroweka, akazikamua, maji akayapeleka debeni.

"Jicho hilo," alisema Bi Moza, jirani wa ukuta kwa ukuta, alipoyaona majani yamejaa sakafuni. "Nani kaingia humu akausifu bila ya kusema mashaallah?"

"Sijui, Bi Moza."

"Hujui! Wewe hata ukiungua utasema hujui. Ufukize ubani."

Akaufukiza. Majani yakazidi kupukutika.

Asubuhi moja, akiyafagia, aligusa weupe ule kwa kidole, na kidole kikaenda mdomoni bila ya yeye kukituma. Chumvi! Akageuka kulitazama jungu la ng'onda zilizorowekwa jikoni, akaketi chini na ufagio mkononi.

Kwao Ole alitolewa skuli yuko darasa la tatu, akaenda kuamia, kufukuza ndege kwenye mpunga wa babu yake, bondeni, ambako mikoko haikuwa mbali. Mwaka mmoja bahari ilipanda ikaingia kondeni, na mpunga ukageuka kahawia kwenye ncha, rangi hii hii. Babu alilivunja tuta la upande wa chini, akaiacha mvua iingie kwa juu na itoke kwa chini, naye kila mara akichovya kidole na kuonja. Mwaka uliofuata walivuna pale pale.

Mwanamize akalikokota debe mpaka uani, akalilaza ubavu. Tundu la chini lilikuwa limezibwa na kutu na mizizi. Akalizibua kwa msumari. Kisima cha karibu kilikuwa na uchumvi wake, kwa hiyo akachukua ndoo, akapanda mlimani kwenye chemchemi. Akarudi, akalisimamisha debe juu ya mawe, akalimiminia maji hadi yakatiririka kwa chini, meusi, yananuka. Akaonja, akatema. Akapanda tena mlimani. Akamimina, akaonja, akatema.

Alikuwa amechuchumaa hivyo, kidole kinywani na tope midomoni, pale Bi Moza alipopiga hodi akiwa ameshaingia.

"Lo! Mwana we! Unakula udongo?"

Mwanamize akatikisa kichwa.

"Usione haya! Mimi, mimba yangu ya kwanza, nusura niumalize ukuta wa jiko!" Akatoka mbio, kanga inapepea.

Maji ya mwisho yalitoka yakiwa matamu. Mwanamize akakata vitawi vilivyokauka, akakwangua udongo wa juu na kutia mwingine kutoka chini ya mfenesi, akaliweka debe kivulini karibu na mtungi. Maji ya ng'onda akawa anayamwaga mbali, nje ya ua. Kila alfajiri alikwenda kutazama kabla hata ya kutawadha.

Ndipo siku moja akaona, kwenye kifundo cha tawi, kitu cha kijani kama punje ya mchele. Na kingine pembeni yake. Akacheka kwa sauti.

"Unacheka na nani?" aliuliza Shaame kutoka chumbani.

"Na mgonjwa wangu," alijibu.

Arobaini ilikuwa haijafika Bi Kazija alipoingia uani, anahema, ameshika furushi. Hakulitazama debe. Alimtazama Mwanamize tumboni.

"Nimesikia unakula udongo."

"Si udongo. Nilikuwa naonja chumvi." Na yote yakamtoka, maji ya ng'onda, ubani, mpunga wa babu, msumari, mlima. Alikuwa hajawahi kusema maneno mengi hivyo katika nyumba ile.

Bi Kazija akauendea mwasumini. Ulikuwa nusu ya ulivyokuwa, lakini kila kifundo kilikuwa kimechipua. Akachovya kidole udongoni, akalamba, akatafuna kidogo. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Moza! Moza kanivusha bahari yote ile kwa ajili ya debe!" Akajifuta macho. "Mjukuu atakuja wakati wake. Huyu karudi, alhamdulillahi." Akafungua furushi. Zilikuwa ng'onda, pana na nene. "Nilikuletea wewe, maana mwenye mimba hutamani chumvi. Haya, tutazila hivyo hivyo."

Mwanamize alizitazama ng'onda, akautazama mwasumini, kisha akamtazama yule mwanamke aliyekuwa bado anacheka peke yake. Kifua kilikuwa chepesi, kama shingo inavyokuwa ndoo ya mlimani ikishatuliwa.

"Mama," alisema, "mimi sipendi ng'onda. Tangu nilipoingia nyumba hii, sijazipenda hata siku moja."