Wimbo wa Kumtoa Mama Kanisani

Maneno yalimfikia mpiga pasi akiwa kazini, jasho likimtiririka, ananyoosha kanzu za kwaya zitakazovaliwa kesho kwenye maziko ya mama yake mzazi.

"Eti wifi yako Chiriku ndiye atakayeongoza wimbo wa kutoa jeneza," alisema dobi aliyemwajiri. "Msiba wako, kipaza sauti cha mkwe!"

"Nani kasema?"

"Nani hajasema?"

Mpiga pasi alicheka kwa meno tu. Uvumi ulimganda kama kupe. Mama alipolala kitandani, yeye ndiye aliyemgeuza ubavu, akamfulia, kisha akakimbilia pasi za watu. Chiriku, mke wa kaka yake, alikuja Jumapili akinukia vizuri, akaimba ubeti mmoja, mama akatokwa na machozi ya furaha. Hilo ndilo lililomchoma. Mama hakuwahi kulia kwa ajili ya shuka safi.

Mchana akaenda ofisi ya parokia kuandikisha nyimbo.

"Wa kutoa jeneza?" karani aliuliza bila kuinua uso.

Mama alikuwa ameusema wazi: ule wa komunyo, wa sauti ya chini, aliokuwa akiuimba taratibu akimenya viazi. Mpiga pasi alijua. Alijua pia, maana aliwahi kuimba kabla kazi haijamtoa mazoezini, kwamba upo wa Pasaka unaopanda juu mno, na koo la Chiriku halifiki huko.

"Andika ule wa Pasaka. Ndio aliotaka marehemu."

Alirudi nyumbani kifua mbele. Akamkuta Chiriku uani, mikono imejaa povu, anafua mashuka ya mama.

"Wifi, mama aliniambia wewe ndiye uliyemfundisha ule wimbo wake wa komunyo. Kesho tuuongoze sote wawili. Mimi peke yangu nitalia."

Mpiga pasi aligeuka pale pale, mbio hadi ofisini. Karani alikuwa anafunga mlango.

"Ratiba imeshachapwa, mama."

"Ni wimbo mmoja tu, kaka yangu."

"Kwako wimbo, kwangu ratiba."

"Mbona ya yule mwenye maduka mliibadilisha asubuhi ya maziko?"

"Yule alimpigia padre simu. Wewe unayo namba ya padre?"

Hakuwa nayo. Angeweza kwenda kwa mwalimu wa kwaya, lakini huko ingebidi aseme alidanganya. Akaenda zake kulala.

Kesho yake kwaya ilianza vizuri ule wa Pasaka, Chiriku mbele, wifi yake amejibanza benchini. Pale panapopanda, sauti ya Chiriku ikakatika. Kinanda kikaendelea peke yake. Nyuma mtu akacheka puani. Mama akatolewa hivyo hivyo.

Nje, Chiriku alimshika mkono. "Nisamehe wifi. Nimemwaibisha mama."

"Si wewe," mpiga pasi alisema. Kisha akapanda gari la makaburini.

Basi wanangu, na ninyi wakwe zangu, haya myaepuke:

Usichague wimbo wa msiba ukiwa na kinyongo.

Usimwekee marehemu maneno mdomoni.

Usipeleke hasira yako kwenye ofisi ambayo haisikilizi wanyonge; ukijuta, hawakurudishii.

Usipime mapenzi ya mzazi kwa machozi yake.

Na usikubali kuombwa radhi na mtu uliyemkosea wewe.