Kwa Hiari Yake Mwenyewe

Jumanne moja Valeria alikuwa anampaka losheni miguuni Bi Doreen, bibi kizee aliyeajiriwa kumhudumia, simu ameibana begani, akimsikiliza notari wa nne, wakili wa kuthibitisha hati, akimwambia aje ofisini kwake.

"Siwezi kutoka," alisema. Yule akamjibu atafute notari anayefuata watu majumbani, akakata simu.

Na kweli hakuweza kutoka. Tangu Februari nyayo zake zilikuwa zimeota mizizi, ikapenya zulia na mbao za sakafu ya nyumba hiyo ya Rayners Lane, London. Ilikuwa mirefu ya kumfikisha jikoni, chooni na kitandani kwa bibi. Mlangoni haikufika. Kampuni iliyomleta kutoka Moshi kwa viza ya kuhudumia wazee ilijibu kwamba mkataba unamtaka akae ndani, na ndani anakaa. Keith, mtoto wa Bi Doreen, alilalamikia zulia.

Mizizi angeweza kuishi nayo. Kilichomnyima usingizi ni Tatiana, binti yake wa miaka kumi na mitatu. Nyanya aliyekuwa akimlea alikuwa amefariki, na baba mtu, ambaye hakuwahi kumnunulia hata kalamu, sasa alimtaka akamfulie mke wake mpya. Ustawi wa jamii wa Moshi walisema Valeria amkabidhi mtoto kwa dada yake, Jacqueline, kwa hati iliyothibitishwa huko huko London. Bila hati, shule zikifungwa baba anamchukua.

Kule Moshi wakili anakugongea muhuri huku anatafuna kitumbua. Hapa, thubutu! Kila notari anajipangia bei yake, serikali haina kiwango. Anaongeza nauli, anaongeza muda wa foleni barabarani. Halafu hati inakwenda wizara ya mambo ya nje kugongwa tena, halafu ubalozini, na kila dirisha linataka chake. Mshahara wa mwezi ukaishia humo. Valeria alilipa roho ikimchoma.

Alhamisi akaja Sanjay, notari mzee wa Kenton, mzaliwa wa Tanga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Nione pasipoti. Na bili yenye jina lako na anwani hii."

"Bili zote ni za Keith. Mimi hata kitanda sina, nalala kwenye kochi."

Sanjay akapiga magoti, akavuta mzizi mmoja. Ukagoma. Akaupiga picha. "Huu unatosha kuthibitisha makazi," akasema, akaandika.

Kisha akamwomba Keith, aliyekuwa amesimama kando akitazama, atoke chumbani, maana kanuni zinataka mwenye kusaini aulizwe akiwa peke yake. Keith akatoka kanuna.

"Kuna mtu anayekulazimisha?" Sanjay akauliza.

Valeria akatazama chini. Hasira zilimpanda mpaka masikio yakavuma. "Mzee, kwani huoni miguu yangu?"

"Naiona, mama. Mimi nauliza juu ya hati hii tu. Miguu ni ya ofisi nyingine."

"Ofisi gani?"

Sanjay akafikiri kwa dhati kabisa. "Kwa kweli sijui," akasema, na hakumtoza kwa jibu hilo.

"Na nisiposaini?"

"Mtoto atakwenda kwa baba yake."

"Basi andika hiari! Andika kwa herufi kubwa, waione vizuri."

Akasaini kwa nguvu hadi jina lake likajichora kwenye meza ya Keith. Sanjay akabandika muhuri mwekundu, akanywa maji, akaondoka na hati aipeleke wizarani na ubalozini.

Hati ilifika Moshi wiki moja kabla shule hazijafungwa. Tatiana akahamia kwa mama yake mkubwa, akapiga simu akicheka, akaeleza amepewa chumba chenye dirisha la upande wa barabara. Valeria akalia kwa furaha, na baada ya furaha akaendelea kulia.

Keith alimkuta bado anafuta macho. Akauliza kama mambo ya mtoto yamekwisha, akaambiwa yamekwisha.

"Safi sana," akasema. "Basi likizo yako ya Desemba, huna tena sababu ya kwenda kwenu."

Valeria akamtukana kwa Kichaga, taratibu, kuanzia utosini hadi kwenye visigino, bila kuruka mahali. Keith akadhani anashukuru, akajibu kwamba si neno. Bi Doreen akaita kutoka chumbani, amelowa, na Valeria akaenda kumbadilisha.