Unyayo wa Levina

Asubuhi ile Domitila alikuwa amezama hadi magotini kwenye tope la jaruba la marehemu mama yake, pale Namawala, akipanda kichaka cha jangwani kwa ujira wa kutwa. Kichaka chenyewe ni kifupi, majani magumu ya kijivu, kinaitwa jojoba. Kwenye mkutano wa kijiji kampuni iliyokileta ilikisifia mpaka ikatoa jasho: hakitaki maji, hakiogopi jua, mbegu zake hukamuliwa mafuta ya kupaka usoni na kwenye nywele, na mengine hulainisha mashine. Mzee mmoja aliuliza kama yanakaanga samaki. Akaambiwa hayaliwi.

Kijiji kilikubali kutoa ardhi ya mlimani, kule kwenye changarawe ambako hata muhogo unasusa. Kampuni ikaenda zake, ikarudi na karatasi za kusema imepewa bondeni, maana barabara ya gari inapita bondeni. Karatasi zilisema huko ni kukavu, kutupu, na hakujawahi kulimwa na mtu. Hakujawahi! Mpunga wa Domitila ulikuwa umefika kiunoni siku walipoupitishia trekta.

Msimamizi alikuwa Amedeus, kijana wa Kibaoni, mpole, asiyetaka kuchafua viatu. Alibaki barabarani akawaambia akina mama wapande. Wapande vipi, hakusema. Wakapanda kama walivyofundishwa na mama zao kupandikiza mpunga: wakaanzia upande wa barabara, wameinama, wanachomeka mche kwenye tope kwa vidole na kurudi kinyumenyume kuelekea mtoni, ili mtu asikanyage alichokwisha kupanda.

Sasa kichaka cha jangwani ukikitumbukiza kwenye maji kama mpunga, hakipendi. Vile vilikasirika, vikayafukuza maji. Jioni kambale walikuwa wanahamia jaruba la jirani, na kesho yake ardhi ilikuwa imekauka na kupasuka. Masika yaliendelea kunyesha Namawala nzima, ila mvua ikifika kwenye kamba ya mpaka wa kampuni ilikata, mtu akaweza kusimama pale bega moja limelowa na jingine kavu. Watu wakaleta mikeka ya kuanika mahindi. Digna, wifi yake Domitila, aliona nafuu kubwa kwenye kuanika nguo za watoto.

Ardhi ilipokauka sawasawa, nyayo zikaanza kupanda juu. Zikaja za mwaka jana, kisha zilizokuwa chini yake, kisha za chini zaidi, za kila mwanamke aliyewahi kupanda mpunga pale. Domitila alipita akizitambua moja moja. Za mama yake, Levina, hazikumsumbua hata kidogo: mguu wa kushoto haukuwa na kidole cha mwisho, kilikwenda na jembe. Domitila akaweka mguu wake kando ya ule, akamshukuru Mungu, akajua shauri limekwisha. Nani tena angesema hapajalimwa?

Kampuni ikamleta mpimaji wake, Bwana Lukelo. Alikagua tangu asubuhi, na tuseme kweli, hakukana kitu. Alisema nyayo ni za kweli, ni za zamani, na ni za watu wa hapa hapa. Domitila akamwomba basi jaruba lirudi sasa hivi, mvua zingalipo, awahi kupanda. Asipovuna mwaka huu nyumbani kwake hakuna cha kupika. Bwana Lukelo akachuchumaa, akazitazama nyayo kwa makini.

"Vidole vyote vimeelekea barabarani," alisema. "Hakuna hata unyayo mmoja unaokwenda shambani. Mama yangu, hawa walikuwa wanaondoka."

"Tunapanda kinyumenyume, baba."

"Zinasema nyayo, si mimi."

Domitila akainama palepale, akarudi nyuma hatua kwa hatua, akichomeka vidole kwenye ardhi iliyokuwa ngumu kama sakafu, mpaka ukucha ukang'oka. Bwana Lukelo alimsubiri amalize. Kisha akaandika kwamba wenyeji walihama kwa hiari yao, kizazi baada ya kizazi, na wakubwa wake wakaridhika. Wahenga walisema akufukuzaye hakuambii toka. Hawa walizidi, walimwambia mtu kwamba alikwishaondoka kabla hajazaliwa. Ukisikia hivyo ukiwa na njaa tumboni, unatamani kumtia mtu meno.

Kampuni iliagiza nyayo zifagiliwe. Zikafagiliwa, asubuhi zikawa zimerudi, zikafagiliwa tena. Mwishowe Amedeus akagundua kwamba zimepangana vizuri na zina kina cha kutosha, hakuna haja ya kuchimba. Tangu hapo akina mama wakawa wanatia kila mche ndani ya unyayo na kuushindilia. Domitila naye alikuja, kwa sababu debe la unga lilikuwa limebaki na vumbi tu. Alipanda kwenye nyayo za watu bila kuinua uso mpaka akafika kwenye ule usio na kidole. Akauruka.

"Mama Evod, hapo umeruka," Amedeus alimwambia Domitila.

"Hapa pana mtu."

Amedeus akaja akatazama. Alikubali kwamba kweli pana mtu, akamwomba asiharibu mstari. Domitila akaingiza mguu wake ndani ya ule wa mama yake, akasimama. Wenzake, Digna akiwamo, wakampita kulia na kushoto wakiendelea na kazi. Hakuna aliyemfokea wala aliyemshika mkono. Alisimama hivyo mpaka kengele ya kutoka ikagongwa, jua likimpiga na mvua ikinyesha ng'ambo ya kamba, na hapo ikabidi aende nyumbani, maana lango lilikuwa linafungwa.

Asubuhi akakuta kichaka ndani ya unyayo wa Levina. Kilikuwa kimeshindiliwa vizuri, kwa kisigino. Digna alikuwa amekwishawahi kazini, yuko mstari wa mbali, na hakugeuka. Digna ana watoto, na watoto wanakula. Domitila akainama, akakishika shinani akivute. Amedeus akapita nyuma yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," alisema Domitila. Akakiachia, akachukua miche yake, akaenda kuanza mstari mwingine.